Simu Mpya, Furaha ya Siku Ngapi?

Mahindi yakiuzwa Kitale, au miwa Bungoma, pesa huingia nyumbani kwa mkupuo. Hapo ndipo majaribu huanza. Tuchukue mfano: mume ameuza magunia yake, na jioni anarudi na simu ya shilingi 60,000. Mkewe anauliza, "Baba watoto, na karo ya Januari?" Mume ananyamaza.

Je, furaha ya simu hiyo itadumu? Mwaka 1978, huko Marekani, Philip Brickman na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya watu 22 walioshinda bahati nasibu. Hawakuonekana kuwazidi sana wasioshinda kwa furaha, na mambo madogo ya kila siku yaliwapendeza kidogo kuliko wenzao. Moyo huzoea. Wahenga walisema: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Simu nayo huchakaa. Betri hupungua nguvu kadiri inavyochajiwa, na baada ya miaka kadhaa kampuni huacha kuitengenezea programu mpya.

Wengine hununua kwa mkopo. Mwaka 2020 Safaricom ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, kuanzia shilingi 20 kwa siku. Ni kidogo, lakini kwa mwaka ni shilingi 7,300, na asiyelipa simu yake hufungwa.

Hatusemi simu ni mbaya. Tangu 2007 M-Pesa imemwezesha mume aliye kazini Kitale kumtumia mkewe pesa Bungoma. Lakini hata simu ndogo ya vitufe hufanya kazi hiyo.

Basi mfanye nini?

1. Zungumzeni kabla ya kununua. Mara nyingi kinachomuumiza mwenzako si simu, bali kutoulizwa.

2. Tengeni kwanza karo, mbegu na mbolea.

3. Subirini mwezi mmoja. Hamu ikiisha, mmeokoa pesa.

4. Ikiwa imekwisha nunuliwa, mke asimwaibishe mumewe mbele ya watoto, naye mume akubali kosa. Kisha hesabuni pamoja kilichobaki. Ikiwa mke ndiye aliyenunua, shauri ni lile lile.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani: Ni kitu gani tulichonunua mwaka jana ambacho bado kinatufurahisha sote wawili? Je, kuna deni ambalo mwenzangu halijui?