Injini Ikizima Juu ya Nyika ya Garissa: Mambo ya Kufanya

Abiria wa ndege ndogo za Garissa, Wajir na Mandera huniuliza swali moja: injini ikizima, tutaanguka? Hapana. Ndege hubebwa na mabawa. Injini huyapa mwendo, na ikinyamaza, mwendo huo unalipiwa kwa kimo. Mwaka 2001 Airbus A330 ya Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki, ikateleza hewani takriban dakika 19 na kutua visiwani Azores, watu wote wakiwa hai. Ndege ndogo nayo huteleza, ila rubani ajue la kufanya. Hivi ndivyo ninavyofanya na ninavyowafundisha wenzangu wachanga.

1. Piga hesabu ya kimo mapema

Cessna 172 huenda mbele kama futi 9 kwa kila futi moja inayoshuka. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Garissa hauzidi 500. Nikielekea mashariki kwa futi 7,500, ardhi ya Nairobi iko futi 2,000 tu chini yangu, hivyo nitateleza kama kilomita 5. Kimo hichohicho juu ya Garissa hunipa futi 7,000: karibu kilomita 19, na dakika 9 hivi za kufikiri. Safari ya kurudi ni kinyume, kwani ardhi inapanda, kwa hiyo mimi hupanda hadi futi 8,500 mapema. Akiba haiozi. Desemba hadi Machi ukienda Garissa kaskazi hukupiga usoni, basi punguza kilomita zako.

2. Shusha pua, shika mwendo

Hili ndilo la kwanza, kabla ya redio na kabla ya kutafuta hitilafu. Kwa 172S iliyojaa, mwendo wa kuteleza ni noti 68, yaani kilomita 126 kwa saa. Ukiinua pua ili ufike mbali zaidi, utafika karibu zaidi, na ukizidisha, mabawa yataacha kubeba.

3. Ijue propela yako

Injini ikifa, mara nyingi propela huendelea kuzungushwa na upepo. Nguvu ya kuizungusha pamoja na pistoni zake hutolewa na ndege yenyewe, kwa hiyo unashuka haraka zaidi. Kwenye 172 mapanga hayabadiliki. Propela ikisimama kabisa ukinzani hupungua, lakini ili isimame lazima upunguze mwendo mno, na kimo utakachopoteza hakilipi. Iache izunguke, jedwali la kitabu cha ndege hiyo limepigiwa hesabu hivyo.

Cessna 206 ina mapanga yanayogeuka. Kama presha ya oili ingalipo, vuta wenzo wa propela nyuma kabisa. Utahisi ndege ikinyooka kwenda mbele. Oili ikiisha, mapanga hurudi kwenye pembe ndogo na mvuto wa nyuma huongezeka.

Caravan ni tofauti: vuta wenzo hadi mapanga yaelekeze makali yake kwenye upepo. Ukisahau hatua hiyo, umejinyima kilomita nyingi.

Kumbuka pia kwamba mazoezi ya kupunguza nguvu ya injini tu hudanganya kidogo, kwani injini inayonguruma polepole bado inasaidia. Injini iliyokufa kweli hukushusha haraka zaidi.

4. Chagua pa kutua

Nyika yetu ni tambarare, lakini ina mitego. Kijani kizito kando ya Tana huenda kikawa mathenge, yenye miiba na mashina magumu. Mchanga wa laga, yaani mto mkavu, unaonekana laini, nao humeza gurudumu la mbele. Baada ya mvua, udongo mweusi hunasa. Vichuguu huonekana ukishachelewa. Mimi hutafuta ardhi tupu iliyolishwa na mifugo karibu na makazi: ina miti michache, na kuna watu na maji. Vumbi na moshi vitakuonyesha upepo, tua ukiukabili.

5. Kisha ndipo utafute chanzo

Kagua matangi, mchanganyiko wa mafuta, joto la kabureta kama ndege yako inayo, na swichi za moto. Piga Mayday kwenye masafa unayotumia au 121.5, weka namba 7700 kwenye transponda. Kabla ya kugusa ardhi funga mafuta, fungua komeo za milango, na zima umeme ukishamaliza kushusha flapu.

Rubani mwenzangu, wiki hii fungua kitabu cha ndege yako, soma ukurasa wa kuteleza bila injini, kisha ufanye zoezi hilo na mwalimu ukiwa juu vya kutosha. Nawe abiria, funga mkanda tangu kupaa hadi kutua, na usisafiri juu ya nyika hii bila chupa ya maji.