Nira ya Rehoboamu na Rupia Tatu

Somo: 1 Wafalme 12:1-20. Ndugu walimu, lisomeni kwanza polepole mbele ya wasikizi wenu, ndipo mwendelee.

Angalieni neno waliloliomba Waisraeli kule Shekemu. Hawakukataa kumtumikia mfalme. Waliomba nira ipunguzwe, wapate kutumikia. Rehoboamu akaliacha shauri la wazee, akafuata la vijana, kisha akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa. Huyo wakampiga kwa mawe hata akafa.

Nchi yetu nayo iliyaonja hayo. Tangu 1898 serkali ya Wadachi ilitoza kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya huko mashamba. Rupia yenyewe ilikuwa na kichwa cha Kaisari Wilhelm, amevaa kofia ya vita (hapo mkumbuke Mathayo 22). Mzaramo asiyekuwa nayo ilimpasa kuja Dar es Salaam kuchukua mizigo, au kwenda katika shamba la Mzungu, aipate sura ile na kumrudishia mwenyewe. Tangu 1902 ikaongezwa kazi ya pamba chini ya maakida na majumbe, kwa ujira mdogo hata wengine wakakataa kuupokea. Wala hapakuwa na Shekemu ya kwenda kusema neno. Berlin ni mbali. Julai 1905 Wamatumbi wakaing'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaenea hata Uzaramo. Askari wakateketeza vyakula. Wenye kuandika historia hukadiria kwamba watu 250,000 hadi 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa.

Sisi Walutheri tusijitoe katika habari hii. Kanisa la Azania Front lilianza kujengwa mwaka ule ule 1898, nasi mara nyingi tumefundisha Warumi 13 tukaiacha sura hii ya Wafalme imefungwa.

Tena Waingereza walipoutwaa mji 1916, wapagazi wa jeshi lao walikaa mahali paitwapo Kariakoo. Jina latoka kwao. Hiyo nayo ilikuwa kodi, ya mabega, na wengi hawakurudi makwao.

Ya kuulizana: Wazee walimshauri mfalme nini? Na Mkristo asiyeona mahali pa kupeleka neno lake, angalifanyaje Julai ile?