Malezi ya Mtoto Mwerevu na Mbishi Katika Nchi ya Ugeni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Somo hili limekusudiwa wazazi waliotoka Oman, Imarati na kwengineko katika Ghuba, ambao kazi au masomo yamewafikisha Spånga, kaskazini magharibi ya mji wa Stockholm. Kwao walizoea kulea wakiwa na bibi, shangazi na msaidizi wa nyumbani. Leo wako wawili tu ndani ya fleti, pamoja na mtoto wa miaka miwili na nusu aliyewahi kusema kuliko wenziwe, na kila analoambiwa jawabu yake ni "sitaki".

Waarabu humwita mtoto wa namna hii "anid", na sisi husema mkaidi. Jina hilo halimstahiki. Mkaidi ni yule aliyeijua haki kisha akaikataa, na mtoto huyu kalamu bado haijamwandikia kitu. Alilogundua ni kwamba ana nia yake mwenyewe, mbali na nia ya mama yake, na kila siku anaijaribu kama ajaribuvyo miguu yake. Basi jihadhari, ndugu yangu mzazi, usiivunje nia hiyo kwa kutafuta utulivu wa jioni moja. Akifika miaka kumi na mitano, na rafiki akamnyooshea kinywaji cha haramu, utatamani awe na nguvu ya kusema "sitaki".

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji, na kuliani kwake yupo kijana mdogo kuliko wote, na kushotoni kwake wamekaa wazee. Akamtaka kijana idhini awape wazee kwanza. Kijana akakataa, hakuwa tayari kumwachia mtu fungu lake litokalo kwa Mtume. Mtume akamkabidhi chombo mkononi. Baadhi ya wanazuoni wamesema kijana yule ni Abdullah bin Abbas, ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa Imamu wetu Jabir bin Zayd, mtu wa Firq karibu na Nizwa. Na aliyekataa mbele ya wazee hakukaripiwa.

Zingatia hapa jambo moja ambalo wazazi wengi hulipita. Mtume aliuliza, na alipojibiwa "hapana" aliikubali hapana ile. Ama sisi humwambia mtoto, "Twende zetu nyumbani, sawa?", naye akisema si sawa tunamkokota. Hapo tumemfunza kwamba swali la mzazi halina maana. Ikiwa jambo halina hiari, usilitoe kwa sura ya swali. Sema kwa upole, "Sasa tunakwenda nyumbani." Na ikiwa lina hiari, muulize kwa kweli na upokee jawabu lake.

Mfano wake ni asubuhi ya mwezi wa Disemba, ambao ni mtihani wa kila nyumba hapa. Mtoto lazima avae suruali ya sufi, ovaroli ya theluji, buti, kofia na glavu, nje kiza hakijaondoka, na baba anaiwahi treni katika stesheni ya Spånga. Mtoto naye anataka kuvaa "mwenyewe!", na buti la kulia analitia mguu wa kushoto. Kutoka si hiari. Kuanza na glavu au kuanza na kofia ni hiari, basi mpe. Na muamshe robo saa mapema, kwani ugomvi mwingi tunaouita ukaidi wa mtoto ni haraka yetu sisi. Mtoto mwerevu akinyimwa kila uamuzi mdogo atapigana katika mikubwa.

Tuingie sasa katika suala la mkono. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza kwa sheria, mwaka 1979, mzazi kumpiga mwanawe. Wapo miongoni mwetu wanaosema, "Wametufunga mikono." Tunawauliza: mkono upi? Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume hakupata kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Na atakayetoa hoja ya hadithi inayotaja miaka kumi, basi hiyo ni katika amri ya Sala, baada ya miaka mitatu ya kuamrishwa, wala haimhusu kabisa mtoto anayemwaga uji. Isitoshe, tumeingia nchi hii kwa viza, na viza ni ahadi, na Muislamu hutimiza ahadi yake.

Wengine wamekimbilia upande wa pili. Mwishoni mwa mwaka 2021 na katika mwaka 2022 zilienea mitandaoni habari kwamba Sweden inawateka watoto wa Kiislamu, na serikali ikazikanusha. Sheria ya kumchukua mtoto ipo, nayo huamuliwa mahakamani pale mtoto anapokuwa katika khatari kubwa. Haikuwekwa kwa ajili ya Waislamu. Lakini khofu imewafanya baadhi ya wazazi wasithubutu kusema "hapana" hata mtoto anapopanda juu ya jiko. Hili nalo ni kumdhulumu. Al-Hasan, mjukuu wa Mtume, alipotia mdomoni tende ya sadaka hali mdogo, babu yake alimzuia papo hapo aiteme, kisha akampa sababu: sisi hatuli sadaka. Hakumpiga, hakumwachia, wala hakusema "mdogo huyu, hafahamu". Kwa mtoto mwerevu khasa, sababu fupi ya maneno matano hufanya kazi kuliko kelele.

Na katika mabaya yaliyozoeleka ni kumtisha mtoto kwa uongo. Kwetu ilikuwa zimwi. Hapa imekuwa "askari atakuja kukuchukua". Mtoto wa miaka mitatu huyasadiki, na siku akipotea njiani atamkimbia askari yule yule ambaye angemrudisha kwenu. Vivyo hivyo ahadi za pipi zisizotimizwa: Mtume alimhadharisha mama aliyemwita mwanawe kwa ahadi ya kumpa kitu kwamba, lau asingempa, angeandikiwa uongo.

Mtoto huyu atauliza pia, na maswali yake si ya mchezo. Ataona theluji inashuka aulize, "Mungu yuko wapi? Yuko juu huko?" Usimjibu kwa haraka kwamba amekaa mbinguni, kwani itikadi yetu inamtakasa Mwenyezi Mungu na mahala na umbo, na picha aliyoingizwa mtoto akiwa na miaka mitatu ni taabu kuitoa akiwa na kumi. Mwambie: "Mungu ameumba theluji, na ameniumba mimi na wewe. Anakuona na anakusikia. Hafanani na kitu chochote." Inamtosha. Kitabu cha Sheikh Nuruddin As-Salimi (aliyefariki mwaka 1914), Talqinus Sibyan, kitamfaa akikua kidogo. Kwa sasa mzazi akisome yeye.

Mjibu kwa lugha yenu. Chekecheani atajifunza Kisweden bila ya msaada wako, na hutamzuia. Akikwambia "nej", usimkataze neno; muitikie kwa Kiswahili uendelee. Lugha mbili au tatu hazimvurugi mtoto. Linalomkata na bibi yake aliyoko Matrah ni nyumba inayomjibu kwa Kisweden kibovu.

Limebaki la wazazi wawili. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, hata kumwachisha mtoto ziwa kumefungwa na ridhaa na mashauriano ya wote wawili, basi vipi mengineyo? Hapa wazazi hupewa siku 480 za likizo kwa kila mtoto, na katika hizo 90 ni za baba peke yake, hawezi kumhamishia mama. Baba na azichukue. Mtoto mwerevu hugundua upesi mlango uliolegea: alilokatazwa na mama humwendea baba. Kubalianeni usiku, yeye amelala.

Na katika mwezi wa Juni halali upesi, kwani jua huchwa baada ya saa nne za usiku naye hushikilia kwamba bado ni mchana. Kwa hilo anasema kweli, basi msibishane naye. Tundikeni pazia zito, msomeeni sura fupi zile zile kwa mpango ule ule kila siku, na saa ya kulala iwe ni pazia linapofungwa.

Wabillahit tawfiq.