Kabla ya Kuomba Chuo: Kusomea Akili Unde na Ujifunzaji wa Mashine
*Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wahitimu wa kidato cha sita, wazazi na walimu*

Kijitabu hiki kinamhusu nani?

Kinamhusu mhitimu anayetaka kusomea akili unde, mzazi atakayetoa ada, na mwalimu anayeombwa ushauri. Ujumbe wake ni mmoja: usichague kozi kwa jina lake, ichague kwa masomo yaliyomo ndani. Na kilichomo ndani, kwa sehemu kubwa, ni hisabati na data.

1. Mashine hujifunzaje?

Programu ya kawaida huandikiwa kanuni zote na mtu. Katika ujifunzaji wa mashine, mara nyingi kompyuta hupewa mifano mingi pamoja na majibu yake, kisha huachwa itafute uhusiano ulio kati ya mifano na majibu hayo.

Tuangalie kazi iliyofanyika katika mashamba yetu. Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, na wa taasisi ya kilimo ya IITA walichapisha matokeo ya kuifundisha kompyuta kutambua matatizo ya muhogo, yakiwamo magonjwa ya batobato na michirizi kahawia. Picha za majani zilipigwa Tanzania. Juhudi hizo zilizaa Nuru, programu ya simu inayoweza kumsaidia mkulima kwa Kiswahili, hata pale ambapo hakuna intaneti.

Kwa kompyuta, picha ya jani ni namba. Picha yenye nukta 224 kwa 224, kila nukta ikiwa na namba tatu za rangi, ni namba 150,528. Modeli, yaani programu inayojifunza, huzidisha namba hizo kwa namba nyingine zinazoitwa uzito, kisha hutoa jibu. Jibu hilo hulinganishwa na la mtaalamu, kosa hupimwa, uzito hurekebishwa kidogo, na kazi huanza upya. Mzunguko huo hurudiwa maelfu ya mara.

Hapo ndipo hisabati inapoingia. Kuzipanga na kuzizidisha namba hizo ni aljebra ya matriki. Kujua uzito upi uongezwe na upi upunguzwe ni kalkulasi. Kusema modeli ina uhakika kiasi gani ni nadharia ya uwezekano. Kuipima kwa haki ni takwimu.

2. Miaka ya shahada ya kwanza

Mpangilio hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, lakini kwa kawaida masomo hufuatana hivi:

- Mwanzoni: hisabati, misingi ya kompyuta na uandishi wa programu, mara nyingi kwa lugha ya Python.
- Katikati: algoriti, hifadhidata, takwimu na modeli za kwanza za ujifunzaji wa mashine.
- Mwishoni: mitandao ya neva, uchakataji wa lugha na picha, mafunzo kwa vitendo na mradi wa utafiti.

Wengi huja wakitarajia kutengeneza roboti muhula wa kwanza, wakakuta matriki ubaoni. Anayejua hilo mapema hujipanga, na hakati tamaa anapokutana nalo.

3. Data ndiyo kazi ngumu

Chukua majani 1,000 ya muhogo, 50 kati yake yakiwa yanaumwa. Mashine inayosema kila jani ni zima itakuwa sahihi kwa asilimia 95, na haitamfaa mkulima hata mmoja. Chuo kizuri humfundisha mwanafunzi kuushtukia ushindi wa namna hiyo na kuuliza: kati ya yale 50, imeyakamata mangapi?

Swali jingine ni data imetoka wapi. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kibiashara inayotambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Hifadhi za picha zilizokuwa zikitumika kupimia mifumo ya aina hiyo zilijaa sura za weupe, kwa hiyo alama nzuri zilificha udhaifu huo.

Sheria nayo ni sehemu ya taaluma. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Mwanafunzi anayekusanya sauti, picha au kumbukumbu za wagonjwa kwa ajili ya mradi wake anapaswa kujua sheria hiyo inamtaka afanye nini.

4. Maswali ya kukiuliza chuo

1. Je, kozi hii imo katika mwongozo wa udahili wa mwaka huu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU)?
2. Hisabati na takwimu hufundishwa kwa mihula mingapi?
3. Wahadhiri wa ujifunzaji wa mashine ni wangapi, na wamebobea katika nini?
4. Maabara ina kompyuta ngapi zinazofanya kazi?
5. Wanafunzi waliomaliza mwaka jana walifanya miradi gani?

Majibu yakiwa dhaifu, kozi ya sayansi ya kompyuta, takwimu au hisabati inaweza kukufaa kuliko ile yenye akili unde katika jina lake. Ubobezi unaweza kuja katika shahada ya uzamili. Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, hufundisha ngazi za juu za sayansi na teknolojia, na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kina tawi Kigali linalotoa shahada za uzamili.

5. Maswali ya wazazi

*Mtoto wangu hakusoma tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Amekosa?*
Si lazima. Kila kozi ina masharti yake, na baadhi hukubali tahasusi nyingine zenye Hisabati. Soma mwongozo wa TCU kabla ya kulipa ada ya maombi.

*Lazima nimnunulie kompyuta ya bei kubwa?*
Hapana. Kompyuta mpakato ya kawaida inatosha kujifunzia. Python ni bure, na huduma kama Google Colab humwezesha kutumia kompyuta zenye nguvu kupitia intaneti, nyingine bila malipo. Gharama ya kupangia bajeti kila mwezi ni bando.

*Ada itatoka wapi?*
Mwenye sifa anaweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB). Andaa vyeti na viambatisho mapema, na ufuate tarehe za maombi.

*Atapata kazi?*
Hakuna anayeweza kuahidi hilo. Benki, kampuni za simu, hospitali na kilimo vyote vina data ya kuchambuliwa, na mwajiri ataomba kuona kazi aliyoifanya mwombaji. Miradi iliyokamilika humsaidia pamoja na cheti.

6. Anza kabla ya muhula kufunguliwa

- Rudia matriki, uwezekano na kalkulasi ya kidato cha sita.
- Jifunze Python kwa kuandika programu ndogo ndogo mwenyewe.
- Kusanya data ya jambo unalolijua vizuri, kwa mfano bei za nyanya sokoni kwenu kwa mwezi mzima, kisha uichoree grafu.

Ukiona kazi hii ya tatu inakuvutia, na unataka kujua kwa nini bei ilipanda wiki fulani, huenda fani hii inakufaa. Ukiona inakuchosha kabisa, ni bora ulijue hilo sasa, kabla hujatuma maombi.