TUNDU LILILONINYIMA ALAMA

Wengi wenu husema Kiswahili ni cha mashairi na ngano, hesabu ni ya Kiingereza. Mimi napinga, tena kwa kisa kilichonipata mwenyewe katika mtihani wa muhula wa pili. Tuliambiwa turahisishe sehemu hii, kisha tuchore grafu yake:

y = (x² − 4) / (x² − 5x + 6)

Rafiki yangu alikata x² juu na chini, akabaki na −4/(−5x + 6). Kosa! Tunakata vigawo, yaani vitu vinavyozidishwa, si vinavyojumlishwa. Tia x = 1 uone: swali latoa −3/2, jibu lake latoa −4.

Mimi niliandika hivi:

(x − 2)(x + 2) / [(x − 2)(x − 3)] = (x + 2)/(x − 3)

Nikachora, nikatoka kifua mbele. Kumbe! Karatasi ziliporudi, nilikuwa nimepoteza alama 2. Nikamwendea mwalimu nikidai haki yangu. Hakunikemea. Alisema tu, "Hebu tia 2 katika swali lenyewe, si katika jibu lako."

Nikatia. Juu sufuri, chini sufuri. Nikanyamaza jii.

Kugawa kwa sufuri hakuna maana. Kigawo (x − 2) nilikikata, lakini katazo lake lilibaki pale pale. Kwa hivyo penye x = 2 grafu ina tundu. Ukitaka kujua liko wapi, tia 2 katika jibu lililorahisishwa: 4/(−1) = −4. Chora duara dogo tupu kwenye (2, −4), kisha endelea na safari.

Penye x = 3 mambo ni mengine. Kigawo (x − 3) hakikukatika. x ikiwa 3.1, y ni 51, ikiwa 3.01, y ni 501, ikiwa 2.9, y ni −49. Grafu hupanda au hushuka bila kikomo kando ya mstari x = 3, wala haiugusi. Mstari huo ndio asimtoti. Iko na nyingine ya kulala: x ikiwa 1003, y ni 1.005, yaani y huikaribia 1.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika hesabu hii, kigawo kilichokatika chote chini huacha ufa. Kilichobaki chini hujenga ukuta. Basi ndugu zangu, kabla ya kukata chochote, andikeni kwanza: x si 2, wala si 3. Alama zangu 2 zilikwenda; zenu zisiende.