Matembezi ya Ujiji

Wakati wa mapumziko, Paulo na babu yake walitoka Kalemie, wakavuka ziwa Tanganyika kwa meli, wakafika Kigoma. Kesho yake asubuhi walikwenda Ujiji. Chini ya miembe waliona jiwe la ukumbusho. Hapo, mwaka wa 1871, Stanley alimkuta Livingstone. Paulo akafurahi sana.

Lakini babu alinyamaza, akitazama njia.

– Babu, unatazama nini?

– Mjukuu wangu, watumwa wa Manyema walivushwa ziwa hili, wakapita hapa wamefungwa minyororo. Toka hapa mpaka Bagamoyo, pwani, ni kilometa 1200. Wengi walikufa njiani.

Paulo akavua kofia, akawaombea.

Maulizo: Kwa nini babu alinyamaza? Paulo aliwaombea nani?