Jicho Wakati wa Magharibi: Namna Jicho na Ubongo Vinavyoona

Katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu jua huzama karibu na saa moja jioni, na kwa kuwa mkoa wa Kigoma hauko mbali na Ikweta, giza huingia upesi. Huko Mtabila, kama katika vijiji vingine vya nyanda hizo, saa hiyo ni ya kurudisha mbuzi na kuteka maji. Watoto wengi hupita njiani bila taabu. Lakini huweza kutokea mtoto mmoja, aliyeona vizuri mchana kutwa, akaanza kupapasa na kujikwaa. Kwa nini mtoto huyo asione, hali wenzake wanaona? Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kufahamu namna jicho na ubongo vinavyofanya kazi.

Njia ya mwanga

Mwanga huingia katika jicho kwa kupitia konea, yaani utando mwangavu ulio mbele, kisha hupita katika mboni na lenzi. Konea na lenzi huikusanya miale na kuiangusha juu ya retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho. Taswira inayopatikana hapo ni ndogo, nayo imepinduliwa juu chini. Retina huigeuza taswira hiyo kuwa ishara za umeme, ambazo husafiri katika nyuzi zipatazo milioni moja za neva ya kuona hadi sehemu ya nyuma ya ubongo. Huko ndiko ishara hupewa maana. Kwa hiyo jicho hupokea, na ubongo hufasiri.

Mwanafunzi anaweza kulithibitisha jambo hili kwa karatasi na kalamu. Na achore msalaba mdogo upande wa kushoto wa karatasi, na upande wa kulia, umbali wa sentimeta 8, achore doa jeusi. Afumbe jicho la kushoto, autazame msalaba kwa jicho la kulia, kisha aisogeze karatasi polepole kuelekea usoni. Ifikapo umbali wa sentimeta 30 hivi, doa litatoweka. Taswira yake imeangukia mahali neva inapotokea katika retina, ambapo hapana seli za kupokea mwanga. Hata hivyo, haonekani shimo lolote katika karatasi: ubongo umelijaza pengo hilo kwa rangi ya karatasi iliyo kando yake.

Seli za mchana na seli za usiku

Retina ina seli za aina mbili zinazopokea mwanga kwa ajili ya kuona. Koni, zipatazo milioni 5 au 6, hufanya kazi penye mwanga mwingi na hutambua rangi. Vijiti, vipatavyo milioni 100, havitambui rangi, lakini huamshwa na mwanga hafifu sana. Ndiyo maana wakati wa magharibi ua jekundu huonekana jeusi mapema, ilhali majani yake bado yanaonekana kwa weupe wa kijivu. Tena, katikati kabisa ya retina hamna vijiti. Kwa hiyo nyota hafifu huonekana vizuri zaidi ikitazamwa kwa pembeni kidogo kuliko ikikaziwa macho.

Ndani ya vijiti mna kemikali iitwayo rodopsini, iliyoundwa kwa protini na kitu kitokanacho na vitamini A. Mwanga ukiipiga, kemikali hiyo hubadilika umbo na kuanzisha ishara, kisha hutengana na hubidi iundwe upya. Atokaye juani na kuingia katika nyumba yenye giza huhitaji nusu saa au zaidi ili vijiti vyake vipate nguvu kamili. Mwanasayansi Mmarekani George Wald, aliyegundua vitamini A katika retina, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1967 pamoja na wenzake wawili kwa kazi yao juu ya kuona.

Chungu cha nyumbani na macho ya mtoto

Sasa swali la mtoto anayejikwaa linaweza kujibiwa. Vitamini A ikipungua mwilini, rodopsini haiundwi ya kutosha, na vijiti hushindwa kwanza. Huo ndio upofu wa usiku. Katika hatua hii dalili hiyo huponyeka. Ikipuuzwa, jicho hukauka, konea hulainika na kupata vidonda, na kuona huweza kupotea kabisa. Surua huharakisha maafa hayo, kwa maana huitumia upesi akiba ya vitamini A ya mwili. Utafiti wa Foster na Sommer uliochapishwa mwaka 1987 kuhusu watoto wa Tanzania wenye vidonda vya konea uliyataja surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni kuwa miongoni mwa sababu kuu.

Ugali wa muhogo au wa mahindi meupe hushibisha, lakini karibu hauna vitamini hiyo. Mkoa wa Kigoma, hata hivyo, una mawese, na wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mawese yakichemshwa mno hadi wekundu upotee, faida hiyo hupotea pia. Kisamvu, matembele, mapapai, maembe na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa navyo vina karotini, nayo hufyonzwa vizuri zaidi chakula kikiwa na mafuta kidogo.

Mwalimu akisikia kwamba mwanafunzi au mdogo wake haoni wakati wa magharibi, asiuchukulie kuwa uzembe wala woga. Amshauri mzazi ampeleke mtoto zahanati bila kukawia, wala asimtie machoni dawa ya majani.

Maswali ya kujadiliwa darasani

1. Kwa nini doa lililotoweka haliachi shimo katika karatasi?
2. Kwa nini upungufu wa vitamini A hudhihirika usiku kabla ya mchana?
3. Taja vyakula vitatu vya kijijini kwako vinavyoweza kuuzuia upofu wa usiku, na ueleze namna bora ya kuvipika.